Siku Niliyokalia Pipa la Gesi

Mambo haya kwa miaka mingi sikuyataja mbele za watu, na aliyeyataja nikiwapo nilijitia sisikii, nikaanza kuuliza samaki leo wauzwaje. Sasa nishakuwa mtu mzima, haya imenichoka na mimi nimeichoka, basi nikae niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine wakatia chumvi (ingawa wallahi pale hapana chumvi ya kuongeza). Mimi Mishi, mke wa mtu, mama wa watoto watatu wakati ule, mwanamke niliyekuwa nikijisifu kwa usafi Gede nzima, nilitumbukia kwenye samadi ya ng'ombe mpaka kiunoni, mchana kweupe, mbele ya wageni waliokuja kumposa wifi yangu. Na hakunisukuma mtu.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, mafuta ya taa leo yapo kesho hayapo, na kuni nazo ndiyo hivyo, msitu uko karibu lakini askari wa msitu wako karibu zaidi, ukikutwa na mzigo kichwani utajieleza mpaka koo likauke. Mume wangu Bakari alikuwa fundi wa bomba kwenye hoteli moja ya watalii kule Watamu, na nyumbani tulifuga ng'ombe wanne wa maziwa. Siku moja akatujia bwana shamba, kijana wa Kikamba aitwaye Mutiso, mpole, mwenye pikipiki iliyokuwa ikikohoa kuliko babu yangu, akatuambia kwamba ile samadi tunayoizoa kila asubuhi na kuirundika nyuma ya zizi ina moto ndani yake. Bakari akacheka. Mutiso hakucheka. Alirudi mara ya pili, akarudi ya tatu na mchoro kwenye karatasi, na Bakari akishaona mchoro wenye mabomba ndani yake basi huyo mtu keshakwisha.

Tukachimba kisima kifupi kipana, kikajengwa kwa mawe na saruji, na juu yake likafudikizwa pipa kubwa la chuma lililochomelewa na fundi wa Malindi, pana kiasi cha watu wanane kulizunguka kwa sinia moja ya wali. Upande huu palijengwa karai la saruji, humo ndimo unapokoroga samadi na maji, kisha ukavuta kizibo, uji ukashuka kisimani. Upande wa pili palikuwa na shimo la wazi, na uji uliokwisha kazi yake ulitokea hapo, tukawa tunauchota kwenda kumwagia mihogo na migomba. Gesi yenyewe ilijikusanya chini ya pipa, pipa likawa linainuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na juu yake palikuwa na mpira ulioingia mpaka jikoni kwangu. Unafungua koki, unapiga kiberiti, moto huo, wa rangi ya buluu, hauna moshi wala jivu. Siku ya kwanza nilipochemsha chai kwa moto ule nililia, na mara ile sikulia kwa moshi.

Mavyaa wangu, Bi. Mwanahamisi, hakulia. Alisimama mlangoni akajifunika pua kwa ncha ya leso akasema, "Bakari mwanangu, mimi nimekulea kwa chakula safi. Chakula cha mavi mimi sili." Akakaa wiki nzima akijipikia uji wake kwenye mafiga uani. Ikabidi aitwe mwalimu wa chuo cha Kurani, akaja, akatazama mpira, akatazama moto, akauliza kama chungu na samadi vyakutana mahali popote, akaambiwa havikutani, akasema moto ni moto, kisha akala chapati tatu. Mavyaa akaanza kula tangu siku hiyo, ila kila tonge alilitazama kwanza.

Sasa, Mutiso alituachia sharti moja. Ndoo mbili za samadi, ndoo mbili za maji, kila asubuhi, basi. "Mama," aliniambia, "hii kitu ni kama tumbo ya ng'ombe. Imezoea chakula yake. Usiipatie vitu ingine bila kuniuliza." (Mimi mtoto wa pwani nilikicheka chini chini hicho Kiswahili chake cha bara, na Mungu hakuchelewa kunilipa.)

Tukaishi vizuri miezi mingi, mpaka posa ya Rukia ikaja. Rukia alikuwa kitinda mimba wa mavyaa, msichana mtulivu, hasemi sana, na mavyaa alimpenda kama jicho lake la kulia. Wazee wa upande wa bwana walishaleta barua, wa kwetu wakaipokea, ikabaki wanawake wao waje kutoka Shella, Malindi, wamtazame binti, wale chakula, ndipo jibu litoke. Na aliyekuwa akiongoza msafara huo ni shangazi ya bwana, Bi. Aziza, ambaye sifa zake zilitufikia kabla yake. Inasemekana aliwahi kuikataa nyumba nzima kwa sababu ya kikombe kimoja chenye uchafu kwenye mkono. Mavyaa alipolisikia jina hilo alisugua vikombe siku mbili.

"Siku hiyo tutapika kwa kuni," mavyaa akasema. "Pilau haipikwi bila kupaliwa makaa juu ya kifuniko."

Mimi nikakataa. Nikasema nitapika kwa gesi, na tena (hapa ndipo kiburi kilipoota pembe) nikampa salamu mtu aliyekuwa akienda Shella awaambie kwamba watakuja kula pilau isiyo na harufu hata chembe ya moshi. Mavyaa akanitazama, akasema, "Haya mama, wewe ndiwe mwenye jiko," akaenda zake. Mtu mzima akikubali upesi namna ile, jihadhari.

Wageni walikuwa waje Jumapili. Alhamisi nikajaribisha sufuria kubwa, ile ya kukopesha watu wenye shughuli, nikaona moto hautoshi. Ulitambaa katikati tu, pembeni maji hata hayashtuki. Alikuwapo jirani yangu Kadzo, mama wa Kigiriama, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, anakuna nazi za kaimati kwenye mbuzi na kuchuja tui, akayatazama machicha yaliyojaa ungo, akasema tu maneno ya kupitisha wakati: "Haya machicha nikiwapa kuku wangu wanenepa hao, utadhani wamemeza mawe."

Nikamtazama. Nikayatazama machicha. Nikajiambia, kama pipa ni tumbo, tumbo gani lisilopenda nazi?

Nikayachukua, nusu ndoo hivi, nikayakoroga pamoja na samadi, nikavuta kizibo. Na laiti pipa lingenikasirikia hapo hapo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, lakini Ijumaa nikaamka nikalikuta limeinuka juu kuliko siku zote, nikawasha jiko, moto ukasimama wima kama askari wa gwaride! Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Basi Ijumaa hiyo hiyo nikalipa ndoo nzima ya machicha na maganda ya maembe. Jumamosi nikalipa ukoko wa wali, uji wa watoto uliochacha, mafuta yaliyobaki ya kukaangia samaki, na machicha mengine niliyoyaomba nyumba mbili za jirani. Nilililisha lile pipa kama anavyolishwa mzazi wa kwanza na mama yake. Mutiso alikuwa akikaa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwetu. Sikumuuliza, mtu huulizwa mambo yanapoharibika, na yangu yalikuwa yananyooka.

Jumapili asubuhi nikaenda nyuma na ndoo yangu, nikasimama. Pembeni mwa pipa palikuwa panatoka povu, povu la rangi ya kahawa, linachemka lenyewe, na harufu yake haikuwa ile ya samadi tuliyoizoea, ilikuwa kali, ya kuchacha, kama tembo la mnazi lililosahauliwa. Na pipa lenyewe lilikuwa limeelemea upande, limekwama. Nikachukua ufagio nikalifagia povu, nikamwagia majivu yasionekane, nikanyamaza. Bakari akitoka kwenda kazini akasema, "Mbona pipa limeinama?"

"Lakuamkia," nikamwambia. Akaenda zake.

Baada ya adhuhuri wageni wakaingia, wanawake watatu, mabuibui yao yananukia mpaka paka akaamka. Bi. Aziza alikuwa mfupi, mkavu, macho yake yakipita mahali ni kama mtu aliyepitisha kidole kutafuta vumbi. "Shikamoo, Shangazi," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu," na macho yakapita kwenye vikombe. Rukia alikuwa chumbani, amevishwa leso mpya, hina mikononi, anafukizwa udi, asionekane mpaka wageni wamalize kula.

Sikuweza kungoja. Nikawapeleka jikoni waone. Sufuria kubwa juu ya moto wa buluu, nyama imeshaiva kwenye viungo, harufu ya iliki na mdalasini, Kadzo amesimama na mwiko kama bwana nahodha. Bi. Aziza akainama akatazama chini ya jiko, akazunguka, akatazama upande wa pili.

"Kweli hamna kuni?"

"Hamna, Shangazi. Ni gesi."

"Na hiyo gesi yatoka wapi?"

"Kwa ng'ombe, Shangazi."

Akafikiri. "Mbele au nyuma?"

Wale wenzake wawili wakajifunika midomo, mavyaa akaangalia dari, na mimi nikajibu kwa heshima zote kwamba ni nyuma, lakini mbali sana. Akaitikia kwa kichwa, wakarudi barazani, nami nikatia mchele.

Hapo ndipo. Mchele ndio kwanza umeingia, maji yanachemka juu yake, yaani wakati ule ambao pilau ni kama mtoto anayevuka barabara, jiko likakohoa. Likakohoa tena. Moto ukageuka rangi, ukaruka, ukanywea ukawa kama wa kibatari. Ndani ya mpira nikasikia kwaru, kwaru, kwaru, kisha tone la povu la kahawa likachuruzika kwenye jiko langu safi.

"Mulungu wangu," Kadzo akasema.

Nikafunga koki, nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikauchomoa mpira, nikaukung'uta povu lote lililopanda humo, nikaurudisha. "Washa!" Kadzo akawasha. Moto ukaja, lakini moto gani, wa kuchemshia dawa ya mtoto. Nikalisukuma pipa kwa mikono miwili kwenda chini, na kutoka dirishani nikamsikia Kadzo: "Yawaka!" Nikaachia. "Yazimika!" Nikasukuma. "Yawaka!" Nikaelewa. Pipa lilikuwa limejaa gesi ila limekwama, halishuki lenyewe, linahitaji uzito.

Nikaweka jiwe. Halikutosha. Nikaweka la pili, likateleza likaanguka. Nikatazama huku na huku, na katika ua ule hapakuwa na kitu kizito kuliko mimi (nilikuwa nimejaa, hilo sifichi, na Bakari hakuwahi kulalamika). Nikavuta kinu, nikakigeuza, nikapanda juu yake, nikafunga leso vizuri, nikalikalia pipa.

"Yawaka!" Kadzo akapiga kelele. "Yawaka sana! Kaa hapo hapo!"

Nikakaa. Nikajisemea, pilau yataka nusu saa tu ikauke, wageni wana kahawa na kaimati, wana mavyaa wa kuwazungumzisha, hakuna atakayejua. Jua la saa nane linanichoma utosini, pipa chini yangu linaunguruma kama lina kitu linataka kuniambia, nami nimevaa gauni langu la hariri nililoshonewa Idi, nimenyoosha mgongo kama bi harusi siku ya kutolewa nje.

Wa kwanza kunikuta alikuwa mavyaa. Alichungulia mlangoni, akatoka, akasimama.

"Mishi. Wafanyani huko juu?"

"Napika, Mama."

Alifumba macho, akayafumbua, akaniona ningali pale, na kabla hajapata la kusema sauti ya Bi. Aziza ikaja nyuma yake: "Mwenyeji wetu yuko wapi? Nataka kuwaona hao ng'ombe wenyewe." Huyo katokeza uani, na wenzake wawili nyuma yake.

Ningesema kweli wakati ule, ningesema tu, Shangazi mtambo umeharibika, ninawaomba radhi, tunahamia kuni, mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo wangu ulikuwa na mipango yake.

"Na huu ndio upishi?" Bi. Aziza akauliza.

"Ndio, Shangazi. Ukitaka moto mkubwa, lazima mtu aukalie."

"Kila siku?"

"Siku za wageni tu."

Akasogea karibu, anatazama kwa makini kama mtu anayejifunza, naye anauliza povu hili ni la nini, na mimi, kwa adabu (hebu fikirini, adabu!), nikaona si vizuri kuzungumza na mtu mzima nikiwa nimekaa juu namna hii, nikasogea kidogo upande wa pili ili niteremke nimjibu nikiwa chini. Upande niliousogelea ndio uliokuwa umeelemewa tangu asubuhi. Pipa likazama upande wangu, likainuka upande wake, na gesi yote ya siku tatu ikatoka kwa mpigo mmoja, kwa sauti ambayo nyinyi wenyewe mwaijua, ila hii ilikuwa ya ng'ombe wanne kwa pamoja. Povu likaruka. Mawe ya pembeni yalikuwa yameloa, nami nikaanza kuteleza. Na kilichoniumiza ni kwamba sikuanguka ghafula. Niliteleza polepole, polepole kiasi cha kuwaona wote mmoja mmoja, mavyaa, Bi. Aziza, wale wawili, nikajishika hewani, nikaenda moja kwa moja kwenye lile shimo la kutokea uji. Chubwi! Mpaka kiunoni.

Hata ng'ombe waliacha kucheua.

Na katika ukimya ule, kutoka dirishani, Kadzo ambaye hakuwa na habari: "Yazimika!"

Nilijaribu kupanda, ukingo unateleza, nikarudi. Nikajaribu tena, safari hii nikarudi mpaka kifuani. Mavyaa alikuwa ameshika kichwa anasema, "Nimekwisha mimi, nimekwisha." Wale wageni wawili walirudi nyuma wakiinua mabuibui yao. Na kwenye buibui la Bi. Aziza, hapa begani, palikuwa na tone kubwa la povu la kahawa, nami sikuweza kuliondolea macho, nikawa nawaza kile kikombe chenye uchafu kwenye mkono.

Ndipo mlango ukafunguka kwa kishindo, akatoka Rukia. Rukia ambaye hakutakiwa kuonekana, Rukia na leso yake mpya, hina yake, udi wake. Hakuangalia wageni. Alikuja mbio, akapiga magoti kwenye ule utelezi, akanishika kwapa akavuta, ikashindikana, akaingiza mguu mmoja ndani ya shimo, akaukanyaga, akavuta tena kwa nguvu zake zote mpaka tukatoka wote wawili tukalala chini kama samaki waliomwagwa sokoni. Akaniuliza huku anahema, "Wifi, umeumia?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la mtu kuniuliza mimi siku ile, mengine yote yalikuwa ya gesi. Nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto, kisha nikamgeukia Bi. Aziza nikasema, "Shangazi, haya yote ni makosa yangu peke yangu. Niliambiwa nipike kwa kuni nikajifanya najua. Huyu mtoto hana lake. Nawaomba msimhesabie."

Bi. Aziza akamtazama Rukia kuanzia uso mpaka miguu, na miguu yenyewe mmoja ulikuwa hauonekani kwa samadi. Kisha akafuta lile tone begani kwa kidole, akalitazama, akakaa juu ya kinu changu kilichopinduliwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mama yule mkavu, anacheka mpaka machozi, anajaribu kusema, "Siku za wageni tu..." anashindwa, anacheka tena, na wenzake wakaambukizwa, na Kadzo akatoka na mwiko wake kuuliza kuna nini, akatuona, akakaa chini kwenye mchanga.

Alipopata pumzi Bi. Aziza akamwambia mavyaa, "Dada, usilie. Mimi nimekuja kumtazama binti. Mabinti wote huletwa wakiwa wamefukizwa, macho chini, wanashika sinia. Hapo utamjua nani ni nani? Huyu wako nimeshamwona. Mtoto aliyeingia kwenye mavi na hina yake kumtoa mke wa kaka yake, huyo akija nyumbani kwetu hatatuacha siku tukiugua." Akasimama, akavua buibui akalitundika kwenye kamba ya nguo, akakunja mikono ya kanzu yake. "Haya. Maji yako wapi?"

Ndoo ngapi zilimwagwa sikuhesabu. Bi. Aziza mwenyewe alinimwagia kichwani, ananigeuza kama mtoto, "Nyuma ya masikio. Bado. Geuka." Nimekogeshwa na wageni wangu uani kwangu, na hilo pia nimewaambia, sikubakisha.

Pilau? Chini imeshika, juu mchele unagonga meno. Nikawa tayari nataka kulia upya, nikamwona mavyaa anaelekea nyuma ya banda la kuku, na kule, jamani, mafiga matatu yamepangwa vizuri, kuni kavu zimechanjwa, makaa kwenye gunia. Aliviandaa tangu alfajiri. Hakunisuta hata kwa neno moja, alihamisha pilau kwenye sufuria mbili, akapuliza moto, akapalia makaa juu ya vifuniko, na alasiri tukala. Bi. Aziza akaonja tonge la kwanza, akatafuna kwa utulivu.

"Nilisikia pilau ya huku haina harufu ya moshi," akasema.

"Kula, Shangazi," nikamwambia. Akala sahani mbili.

Bakari aliporudi jioni alinikuta nanuka udi na ng'ombe kwa mpigo mmoja. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye kuteleza, akaomba ruhusa akatoka nje, na kutoka kule nje nikamsikia.

Mutiso alikuja Jumanne. Alizunguka mtambo, akachovya kijiti kwenye uji, akanusa. "Mama, uliipatia nini?"

"Samadi na maji," nikasema.

Akanusa tena. "Na nazi."

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba ndani ya kisima mna vijidudu wadogo wasioonekana ambao ndio hutengeneza gesi, na mtu akiwapa vyakula vya mafuta na vya kuchacha kwa wingi na kwa ghafula tumbo lao huvimba likawa kali, likatoa mapovu, na baadaye huenda wakafa kabisa. Tulipumzishe kama tunavyompumzisha mgonjwa wa tumbo: siku kumi bila kitu, majivu kidogo ya kuua ule ukali, kisha samadi mbichi kidogo kidogo. Yeye na Bakari wakalinyoosha pipa. Wiki ya tatu nikafungua koki, nikapiga kiberiti huku nimegeuza uso, na moto wa buluu ukarudi kimya kimya, kama mtu aliyekasirika akaona haina maana. Mutiso akanifundisha baadaye kwamba hata machicha yaweza kutiwa, kiganja kimoja, leo, na kesho hapana. Kiganja! Nami nilitia ndoo.

Rukia aliolewa baada ya mfungo, na chakula cha harusi kilipikwa kwa kuni kwa amri ya mavyaa. Amezaa, amekaa vizuri, na Bi. Aziza alimshika mkono mpaka siku ya mwisho wake, Mungu amrehemu, ingawa hakuacha kunisalimu mbele za watu kwa kuniuliza, "Wakalia nini siku hizi?"

Na mtambo nao uliendelea miaka mingi. Nimelea watoto kwa moto ule, nimeponya macho yangu, mihogo iliyomwagiwa uji ule ilikuwa minene kama mapaja. Sina ugomvi nao, wala na ng'ombe. Ugomvi wangu ni na yule mwanamke aliyeona neema imekuja ya kutosha nyumba moja akataka itoshe na sifa. Nimekula yamini tangu siku ile, na yamini hii sijaivunja: moto wangu ukinywea, siulazimishi. Napunguza wali.